Mutoto Aliyenisomea Bila Kuona

Nilimupiga mujukuu wangu kwa sababu ya maharagi, misimu mine, kabla sijajua kwamba haoni.

Kwetu, kwenye milima ya juu ya Karuba, tunapanda maharagi pamoja na mahindi kwenye muteremuko. Wakati wa kupalilia, wanawake tunapanga mustari kule chini, kila mumoja na kipande chake, tunalima tukipanda mulima. Ukigeuka nyuma unaona kazi ya kila muntu, hakuna kujificha. Nyuma ya majirani wangu maharagi yalisimama na majani mabaya yalilala. Nyuma ya mujukuu wangu vyote vililala pamoja.

“Weye, unasinzia?”

“Hapana, Koko.”

“Sasa macho yako inafanya kazi gani?”

Nilimuona anapapasa kila jani kwa vidole mbele ya kuling'oa, nikadhani anacheza. Majirani walicheka. Mumoja akasema: “Koko, huyu utamuoza mbali sana. Hapa karibu watamurudisha kesho yake.” Aibu ilinipanda. Nikakata fimbo ya mukaratusi, nikamupiga mbele yao. Musimu uliofuata ilikuwa vilevile. Akibeba maziwa, alijikwaa kwenye kamba ya ndama, yakamwagika. Nilimuita muvivu mpaka watoto wa jirani wakazoea kumuita hivyo.

Alikuwa mutoto wa binti yangu. Binti yangu aliolewa huko Walikale, kijiji cha Mpofi, na mwanaume wa kule porini, mulimaji na muwindaji. Homa ilimuua binti yangu, mutoto akiwa na miaka mitatu. Baba yake akatembea naye siku nyingi, akamuleta kwangu pamoja na kuku mumoja na kifurushi cha nguo. Akasema: “Mama, mimi siwezi kusuka nywele za mutoto mwanamuke.” Akarudi kwake. Njo namna nilibaki na yeye.

Serikali iliposema shule ya musingi ni bure, nilimupeleka kama wengine. Mimi mwenyewe niliacha shule darasa la pili. Wakati ule nilijua kuandika jina langu na kutambua herufi chache zilizoandikwa kubwa. Kwa hiyo mutoto aliposoma, kwangu lilikuwa jambo kubwa. Kila alasiri nilipochambua maharagi mulangoni, alikaa juu ya kigogo, akafungua kitabu cha shule, akanisomea. Alisoma Kifaransa, ambacho mimi sisikii, kisha akanieleza kwa Swahili. Watoto wa majirani walisoma wakiweka kidole chini ya neno, wakikohoa, wakikwama. Wa kwangu aliteremuka kama maji. Kidole hakuweka. Nilidhani njo ufundi wenyewe. Nikasema moyoni: shambani ni muvivu, lakini kichwa iko.

Siwezi kusema sikujua upofu ni nini. Kaka yangu mukubwa alizaliwa haoni. Wakati wa wazazi wetu hakuna muntu aliyeuliza habari ya shule kwa mutoto kama huyo. Masista walikuwa na nyumba huko mujini, walichukua watoto wachache, vipofu na viziwi, lakini baba alisema hawezi kutoa kidonda chake nje watu wakitazame. Kaka yangu alikaa jikoni. Mutama ulipokomaa alitolewa kupiga debe ili kufukuza ndege, na ukishavunwa alirudi jikoni. Wageni wakija, mama alifunga ule mulango. Alikufa akiwa na ndevu, na siku ya kilio kuna watu wa kijiji chetu wenyewe waliouliza ni nani aliyekufa.

Hiyo habari niliisimulia mara nyingi nyumbani, na niliisimulia vibaya. Nilisema: kipofu ni muntu wa jikoni. Nilisema kama muntu anavyosema mvua inalowesha. Mujukuu wangu alikua akisikia.

Alifika darasa la sita. Mwisho wa darasa la sita kuna mutihani wa taifa, na mutoto asiyeufaulu hapati cheti, na asiye na cheti haingii sekondari. Kwetu, binti asiyeingia sekondari anaolewa akiwa bado na meno ya utoto. Yeye alitaka kuwa mwalimu. Alilisema mara moja tu, hakurudia, lakini nilisikia.

Miezi michache mbele ya mutihani ule, direkta wa shule aliwafanyia mutihani wa majaribio. Aliwatenga: kila banki ya kukalia mutoto mumoja. Siku hiyo mujukuu wangu alirudisha karatasi tupu. Mwalimu akamuchapa, akisema ni dharau. Kesho yake direkta akaniita.

Alikuwa kijana wa kutoka mbali, na tai shingoni, hata siku ya matope.

“Mama, huyu mutoto anatuchezea. Ameniletea karatasi nyeupe.”

“Nyeupe namna gani?”

“Nyeupe kama hii ukuta.”

Nikamugeukia mujukuu wangu nikamupiga kofi palepale, mbele ya meza. “Huyu anajua kusoma kupita wote! Kila siku ananisomea. Papa Direkta, umupe kitabu, utasikia mwenyewe.”

Direkta akachukua kitabu kilichokuwa karibu na mukono wake, akamupa. Mutoto akakishika kwa mikono miwili, akakifungua katikati, akakiinua kidogo, akaanza. Alisoma habari ya muke anayepeleka kabichi sokoni, kwa Kifaransa, kwa sauti nzuri kama ya musomaji wa kanisa. Nilifunga mikono kifuani.

“Unasikia?” nikamuambia direkta.

Direkta hakunitazama. Alitazama kitabu. Akamuacha afike mwisho wa ukurasa, ageuze karatasi, aendelee. Kisha akasema polepole:

“Mama, hii ni kitabu ya hesabu.”

“Na ikiwa ya hesabu?”

“Haina muke wa kabichi ndani. Iko namba tupu. Na ameishika kichwa chini.”

Mutoto alinyamaza katikati ya neno. Direkta akanyosha ngumi mbele ya uso wake. “Hivi ni vidole ngapi?”

“Vitatu,” akasema mujukuu wangu.

Tulirudi nyumbani. Nilitembea mbele, yeye nyuma, na kwa mara ya kwanza nilisikiliza miguu yake. Alikuwa anafuata mulio wa sandali zangu. Nilisimama gafla, akanigonga mugongoni.

“Tangu wakati gani?”

“Tangu darasa la tatu, Koko. Ilianza pembeni. Kisha ikaja katikati. Sasa ninaona mwanga, na muntu akipita ninaona kivuli.”

“Na daftari zako zimejaa maandiko, ni nani anaandika?”

“Yule tunakaa naye banki moja. Ananiandikia, mimi ninamunong'onezea majibu. Mwalimu akisoma kitabu, ninashika yote.”

“Mimi nilikupiga kwa sababu ya maharagi.”

“Ndiyo.”

“Kwa nini hukusema?”

Alirudi nyuma hatua moja. Kisha akasema: “Ulisema kipofu ni muntu wa jikoni.”

Nilimushika mukono tukapanda. Sijazoea kushika watu mukono, na sikujua ninashikaje, nikamushika kwenye kiwiko kama muntu anayemupeleka mwizi.

Juma lililofuata direkta alisema ataondoa jina lake kwenye liste ya watahiniwa. Alinieleza bila hasira. Shule inapimwa kwa wangapi wanafaulu. Akiweka mutoto asiyeona, anaharibu hesabu ya wote, na mwaka ujao wazazi watapeleka watoto shule nyingine. “Si ubaya wangu, Mama. Hii shule si ya watoto kama huyu. Kuna shule zao.”

“Ziko wapi?”

“Mujini.”

Ulikuwa muji uleule wa masista, mbali kama zamani, na mimi nilikuwa nimekwisha kuzeeka.

Kwenye soko la Mushaki kuna muzee anayeuza chumvi na sabuni juu ya kinga yake, baiskeli ya magurudumu matatu, miguu yake imekauka tangu utoto. Watu wanamuita Raisi, kwa sababu anaongoza chama cha walemavu. Nilikuwa nimepita mbele yake miaka mingi bila kununua. Siku hiyo nilisimama.

“Ah! Leo njo umenikumbuka, Koko? Kila soko unanunua chumvi kwa yule mwenye miguu.”

“Chumvi yako iko na muchanga.”

“Na shida yako iko na nini ndani?”

Nikamueleza, nikipunguza sauti ili watu wasisikie. Akacheka kwa nguvu ili wasikie.

“Muficha uchi hazai, Koko! Ongea! Hapa kila muntu anajua miguu yangu, na chumvi inauzika.”

Kisha aliacha kucheka. Akatoa chini ya kiti mufuko wa plastiki, ndani mulikuwa na makaratasi yaliyokunjika. Akasema zamani wao walikuwa wanaomba huruma tu. Mutoto mulemavu alisoma kama padri alimupenda, asipopendwa alibaki. Kisha Katiba ikasema shule ni ya watoto wote. Kisha ikapita sheria yao wenyewe, huko Kinshasa, raisi wa kweli akaitia sahihi: mwenye ulemavu ana haki ya kusoma kwenye shule ya wote, na ya kutengenezewa namna ya kusoma inayomufaa.

“Basi kama sheria iko, kwa nini direkta anamukataa?”

“Sheria ni muzigo uliowekwa Kinshasa. Hakuna muntu analipwa kuubeba mpaka huku. Ukiutaka, ubebe. Mugongo unao.” Akanipa karatasi moja iliyopigwa fotokopi, maneno yamefifia. “Peleka kwa inspekta wa shule. Lakini mbele, peleka mutoto hospitali Kirotshe, waandike kwamba haoni. Bila karatasi ya muganga watakuambia ni muvivu.”

Neno hilo lilinichoma, na yeye hakujua.

Tulishuka kuelekea ziwa. Njiani kulikuwa na barière, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili na vijana wenye bunduki. Mumoja akaashiria kwa mukono tupite pembeni, mumoja mumoja. Mimi nilipita. Mujukuu wangu akaenda moja kwa moja, akaingia kwenye kamba kwa kifua. Kijana akaruka, akashika bunduki.

“Wee! Huoni?”

“Haoni!” nikalia. “Haoni, baba! Ni kipofu!”

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutamuka neno hilo mbele ya watu. Kijana akamutazama usoni, akapunga mukono mbele ya macho yake, akacheka, akainua kamba. “Pita, Mama Kipofu.” Mutoto akainama akapita.

Muganga wa macho huko Kirotshe alikuwa muntu wa polepole. Alimumulika, akamupima, akatuambia ni presho ndani ya jicho. Inapanda kidogo kidogo, haiumi sana, inakula mushipa unaopeleka kuona kichwani. Kwa nje jicho linabaki zuri.

“Atapona?”

“Ile iliyokufa haifufuki, Mama. Hii kidogo imebaki tutaijaribia dawa ya matone. Lakini ni ya kila siku, bila kukosa. Kama mungekuja mapema…”

“Maliza.”

“Mapema tungeikinga.”

“Mapema ni lini?”

“Ile wakati alianza kugonga vitu. Kukosa vitu vidogo vya karibu na miguu.”

Mujukuu wangu alikuwa amekaa palepale kwenye kiti, anasikia yote. Aligeuza uso kuelekea dirisha, mahali mwanga ulikuwa. Mimi nilitazama mikono yangu. Muganga aliandika karatasi, akapiga muhuri, akanikabizi pamoja na dawa ya matone. Nilimushukuru. Njiani kurudi mutoto alisema jambo moja tu: “Koko, usilie ukitembea, unanipoteza. Sisikii sandali.”

Inspekta alisoma karatasi ya muganga, akasoma na ile ya sheria. Nilikaa mbele yake nikishika mufuko wangu. Alisema: “Sheria ninaijua, Mama. Maagizo ya kuitekeleza njo hayajanifikia.”

“Mutihani nao utangoja maagizo?”

Alinitazama juu ya lunete zake za kusomea. Kisha akavuta karatasi akaandika: jina la mutoto lirudi kwenye liste, na siku ya mutihani asomewe maswali na mwalimu wa shule nyingine, kwenye chumba cha peke yake. Akapiga muhuri. Nilitoka nimeshika karatasi hiyo kwa vidole viwili ili jasho lisiiguse. Sikujua kuna kitu ningeuliza zaidi.

Direkta alipoisoma, alikaa chini.

“Mama, umeenda mbali hivi! Ungeniuliza mimi. Kuna njia fupi.” Alisukuma mulango ukafungwa. “Aje akae na wengine. Mwalimu mumoja atapita karibu yake, atamujazia. Atafaulu na pointi nzuri. Weye utafurahi, shule itafurahi, inspekta hatasumbuka.”

Nilikubali. Sitaficha. Nilipinda magoti nikamushukuru. Nilifikiri: cheti ni cheti, hakuna anayeuliza kimetoka mukono gani.

Nilipomuambia mutoto, alikuwa anamenya viazi. Aliweka kisu chini.

“Hapana, Koko.”

“Hapana nini?”

“Huo utakuwa mutihani wa mwalimu. Yeye alishafaulu zamani.”

“Unataka sekondari ao hutaki?”

“Ninataka. Na kule sekondari ni nani atanijazia? Watasema: huyu kipofu waliingiza kwa huruma. Mwaka ujao akija mwingine, watamujazia naye, hawatamufundisha kitu.” Sauti yake ilipanda. “Mimi ninajua majibu! Wanisomee tu. Ninajua!”

Niliinua mukono. Ulikuwa umezoea. Yeye hakuuona, aliendelea kuongea akinielekezea uso wake wote, hakujikinga. Niliushusha. Nilirudi kwa direkta nikamuambia tutafuata karatasi ya inspekta. Akasema: “Mama, unamuchinja mutoto wako mwenyewe.” Nikamuambia: “Pengine.”

Siku ya mutihani waliwaingiza wengine madarasani, na yeye kwenye stoo ya mbao ya jembe na ndoo, na meza ndogo. Musomaji alikuwa mwalimu muzee wa shule ya bonde la pili, muntu mupole. Mimi nilikaa nje, nimeegemeza mugongo kwenye mbao. Walinzi waliniona, hakuna aliyenifukuza.

Muzee alisoma swali kwa Kifaransa, kisha majibu yote ya kuchagua, na herufi zake. Mutoto akasema: “Tena, Mwalimu.” Akasoma tena. Nikasikia vidole vya mutoto vinagonga meza, anahesabu. Kisha: “C.” Swali lingine. “A.” Lingine. “Tena, tafazali. Ile ya katikati.” “B.” Sikujua kama ni kweli ao ni uongo. Lakini nilijua sauti yake. Alipokuwa anaogopa ilikuwa nyembamba, na pale haikuwa nyembamba. Kuna swali moja alilicheka hata kabla muzee hajafika kwenye majibu, akasema: “Hilo ni rahisi!” Muzee naye akacheka.

Halafu kengele ikalia.

“Bado,” nikamusikia muzee anasema. “Bado maswali mengi. Ninasoma mara mbili mbili, wengine wanatupia jicho tu.”

Mukubwa wa kituo cha mutihani alikuwa ameingia. “Saa ni saa.”

“Bwana, huyu hawezi kwenda mwendo wa wale.”

“Nipe ile barua ya inspekta.” Akaisoma. “Barua inasema asomewe. Haisemi aongezewe saa. Nikiongeza bila barua, nitajibu mimi.”

Niliingia. Nilisema yote niliyokuwa nayo, na mengine sikuwa nayo, nikayatoa. Mukubwa wa kituo hakunipigia kelele. Alinionyesha karatasi, akapitisha kidole chini ya kila mustari, akanisomea polepole. Ilikuwa kweli. Saa haikuandikwa. Nilikuwa nimeibeba karatasi ile kutoka kwa inspekta, nimeilaza ndani ya Biblia, sikumuomba hata muntu mumoja anisomee yote na kuniuliza: je, hii inatosha?

Akachukua karatasi ya majibu. Mutoto alikuwa bado ameshika ukingo wa meza. “Koko,” akasema, “yaliyobaki niliyajua.”

Matokeo yalipokuja, yule waliyekaa naye banki moja alifaulu. Mama yake alikuja kuniambia habari akiwa na haya, hakujua afurahi ao alie mulangoni pangu. Jina la mujukuu wangu halikuwa kwenye liste. Maswali aliyoyafikia alipata karibu yote, muzee wa kusoma alituletea habari hiyo kwa siri. Hayakutosha.

Hakulia. Alikaa siku tatu jikoni. Mimi nilifungua mulango wa jikoni, nikauondoa kwenye bawaba, nikauweka nje. Siku ya ine nilikwenda kwenye kikundi cha wamama wa kanisa wanaojifunza kusoma. Nilikaa na wanawake wenye umri wa binti zangu, nikaandika *ba be bi* kwenye ubao kama mutoto, mwalimu kijana akiukemea mukono wangu. Njo maana leo ninaweza kuandika haya.

Nilitaka kurudi kwa inspekta mbele ya mwaka mupya wa shule, aandike ile habari ya saa. Lakini vita ilipanda kwenye milima yetu. Tulipofika kwake, biro yake ya kazi ilikuwa wazi, makabati yamepinduliwa, makaratasi ya shule zote yametapakaa uani, mvua imeyapiga. Watu walikuwa wanayaokota kuwashia moto. Hakuna aliyejua inspekta amekimbilia wapi. Tukashika njia ya Walikale pamoja na wengine, mutoto ameshika ukingo wa kitunga changu mugongoni. Siku za porini, mahali giza la miti linafunika njia hata muchana, yeye hakupungukiwa na kitu. Sisi wengine njo tulijikwaa.

Baba yake alitupokea Mpofi. Ana muke mwingine sasa, na watoto. Alimutazama binti yake, akapitisha mukono mbele ya macho yake, akaniuliza: “Mama, ulimufanya nini?” Nilimuambia: “Nilichelewa.”

Dawa ya matone iliishia njiani. Huko haipatikani. Kile kivuli alichokuwa anakiona, amekiacha mahali fulani kati ya Karuba na Mpofi. Hakuniambia siku gani.

Shule ya Mpofi ilikuwa imejaa watoto wa wakimbizi, wengine wanakaa chini ya bache ya plastiki, kwenye matofali. Nilimupeleka siku ya kwanza. Sikumuacha mulangoni kama zamani. Niliingia naye mpaka mbele ya mwalimu wa darasa la sita, mbele ya watoto wote.

“Mwalimu, huyu haoni. Haoni kabisa. Kichwa yake ni nzima. Ukimukataa, mukatae leo, mimi niko hapa.”

Watoto wakaanza kunong'ona. Mumoja akasema, “Kipofu!” na wengine wakacheka. Mujukuu wangu aligeuza uso upande wa sauti akasema: “Ndiyo. Na weye, jina?” Wakacheka tena, sasa wakimucheka yule.

Mwalimu alijikuna kichwa. “Mama, unaona namna tulivyo. Hata chaki sina. Nitamufanyia nini?”

“Usome kwa sauti. Hiyo tu.”

“Na mutihani wa taifa? Kama barabara itafunguka, kama utakuwako?”

Nilitoa daftari yangu ya kikundi cha wamama, nikafungua karatasi safi, nikaiweka mbele yake. “Njo nimekuja kwa hiyo. Unapotuma liste, utume na barua. Andika: asomewe maswali na muntu wa shule nyingine.”

Aliandika. Nilimufuata neno kwa neno, kidole changu chini ya kalamu yake, nikikwama, nikirudi nyuma, mpaka alichoka.

“Sasa andika: aongezewe saa.”

Akainua kalamu. “Hiyo, Mama, sijui kama nina ruhusa. Wakiniuliza nimeitoa wapi?”

“Kwenye sheria.”

“Iko wapi hiyo sheria?”

Ile fotokopi ya muzee wa chumvi ilikuwa imelowa porini, maneno yote yamekuwa uji wa wino. Nilimuonyesha. Akaitazama, akanirudishia. Akageukia darasa lake, akaanza somo.

Nilikaa chini kwenye tofali, pembeni ya mujukuu wangu. Sikuinuka wakati wa somo la kwanza, wala la pili. Mwalimu alikuwa anatutazama kila mara, akigeuka haraka. Watoto walipotoka kupumzika, alikuja, akasimama juu yetu.

“Mama, utakaa hapa mpaka lini?”

“Karatasi iko pale.”

Akaichukua, akaandika akichuchumaa, juu ya goti lake. Nikamuomba anisomee. Akasoma: aongezewe saa. Nikaichukua nikaisoma mimi mwenyewe, polepole, nayo ilikuwa imeandikwa.

“Sijui kama watakubali,” akasema.

“Weye andika tu. Kukubali, tutaenda kuwauliza wenyewe.”